Dawa ya Chini ya Ulimi

Jumatatu, 9 Septemba

Kibali cha Daktari Stokes kimefika. Ameniletea bahasha mezani ikiwa bado imefungwa.

"Fungua wewe, Odile. Mimi naogopa."

Nilidhani anatania, lakini hakutabasamu.

Kwa hiyo sasa ni rasmi. Kliniki yetu hii ya wanajeshi wastaafu, yenye vyumba vinne na paa linalovuja juu ya mizani, itaanza kutoa buprenofini, dawa ya uraibu. Waraka wa makao makuu ulikuja tangu mwaka juzi: walionaswa na vidonge vya maumivu watibiwe huku huku waliko, wasipelekwe mjini mwendo wa saa nne. Daktari aliutia kwenye droo. "Simtoi mtu shimo moja nimtie jingine," alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nikiitikia. Kisha Agosti tukamzika Leo Ouellette, umri miaka thelathini na mmoja. Daktari ndiye aliyemwandikia vidonge miaka mitatu, na amri ya kupunguza vidonge ilipokuja, ndiye aliyemkatia; vya mtaani ndivyo vilivyomuua. Kanisani alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Jumatatu iliyofuata akaniuliza yale mafunzo ya kibali yanafanyika wapi.

Tukaenda wote wawili. Yeye amerudi na kibali, mimi nimerudi na shaka zangu zile zile. Kutibu afyuni kwa ndugu yake afyuni! Nimekuwa muuguzi miaka ishirini na tisa, na sijawahi kuona teja aliyepona kwa kupewa.

Alhamisi, 12 Septemba

Shule zimefungwa kwa ajili ya mavuno. Barabara nzima ni malori ya viazi na matope.

Jumatatu, 16 Septemba

Mgonjwa wa kwanza kajiandikisha. Rejean Cyr, yule fundi wa matanuri ya kupashia nyumba joto, ambaye msimu huu anaendesha lori la viazi la dada yake. Hairuhusiwi kuandika jina la mgonjwa nje ya faili, najua. Ila daftari hili hukaa ndani ya kopo la mchele, na nyumbani kwangu hakuna mtu ila mimi tangu mama afariki.

Mzee Thériault, anayekuja kila wiki kupima presha na umbea, keshapata habari. "Naambiwa mtaanza kugawa unga, Sista. Na sisi wa presha mtatupa nini, konyagi?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Baadaye nikaona aibu, sijui kwa nini.

Jumanne, 17 Septemba

Sharti la dawa hii ni kwamba mgonjwa aje na arosto. Akiwa bado ana vidonge mwilini, itamvuruga vibaya zaidi. Kwa hiyo Rejean alikuwa hajameza kitu tangu jana mchana, na saa mbili asubuhi aliingia akitembea kama mzee wa miaka tisini. Ana thelathini na saba. Kamasi zinamchuruzika, vinyweleo vimesimama mikononi, anapiga miayo mpaka taya zinalia. Alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Samahani, Sista. Miguu inataka kwenda bila mimi."

"Iache iende. Wewe baki."

Nikampima, nikaandika alama, nikamwita Daktari. Daktari alinawa mikono mara mbili. Akatoa kipande cha dawa, chembamba kama karatasi.

"Weka chini ya ulimi. Usimeze, usiongee mpaka kiyeyuke."

"Hata kusali, Daktari?"

"Sali kimoyomoyo. Mungu si kiziwi."

Nikabaki naye. Ndiyo kazi yangu: kukaa, kumtazama, kumpima kila nusu saa. Dakika ishirini za mwanzo hakuna kilichobadilika, nami nilikuwa nikijiambia, si nilisema. Kisha akaacha kutikisa goti. Akajifuta pua, ikabaki kavu. Akatazama dirishani, kwenye mashamba ya ng'ambo, akayatazama muda mrefu.

"Unajisikiaje?"

"Sijalewa," akasema. Alikuwa kama mtu aliyeibiwa kitu na hajui ni nini. "Sista, sijalewa, na siumwi. Miaka tisa sijawahi kuwa katikati hapa."

Halafu akalia, bila sauti, mikono imetulia mapajani. Gari lao lilikanyaga bomu huko Afghanistan. Mgongo wake uliungwa kwa vyuma, na vidonge vilifuata vyuma. Hayo yamo kwenye faili lake. Siku zote nilimjua kama fundi mwenye maneno machache anayechelewa kila mahali.

Adhuhuri nilimpa ploye zangu mbili, zile chapati za ngano nyeusi, na siagi. Akala zote, akaomba na ya tatu.

Jumatano, 18 Septemba

Karudi kuongezewa kipimo. Kalala usiku kucha. Anasema aliamka akidhani kafa.

Jumapili, 22 Septemba

Mvua. Hakuna aliyevuna.

Jumanne, 24 Septemba

Atakuwa akija kila Jumanne kuchukua ya wiki. Leo kafika dakika kumi kabla ya wakati, jambo ambalo dada yake akilisikia atapiga ishara ya msalaba. Nywele kanyoa. Kamletea Daktari gunia la viazi.

"Hii ni rushwa," Daktari akamwambia.

"Rushwa ingekuwa safi. Hivi vina matope."

Daktari ameishi bondeni hapa miaka ishirini na miwili na watu bado wanamwita mgeni. Alilibeba gunia lile hadi garini mwake kama nishani. Nimeanza kumwona kwa jicho jingine. Kumbe ule ukali wote wa miaka yote ulikuwa woga wa kumdhuru kwa dawa hii mtu aliyekwisha kumdhuru kwa vidonge.

Na niseme ukweli: Jumanne nimeanza kuzingoja.

Jumanne, 1 Oktoba

Sijui kama nitaweza kuandika hili.

Alikuja kama kawaida. Nilimpima presha, nikamuuliza habari za usingizi, haja kubwa, tamaa ya vidonge. Akajibu vizuri. Nikaanza kujaza karatasi. Akasema, "Sista, kuna jambo."

"Sema."

"Ile Ijumaa niliyokuja kwenu kutengeneza tanuri. Mama yako alikuwa amelala chumba cha chini. Niliomba kutumia choo."

Kalamu yangu ikasimama.

"Vilikuwa kwenye kabati juu ya sinki. Chupa nzima. Mimi ndiye niliyevichukua. Nilijua ni vya nani. Nilijua anaumwa nini. Nilivichukua hivyo hivyo."

Miaka mitatu iliyopita. Saratani ilikuwa imeingia mifupani. Ijumaa jioni nikafungua kabati, hakuna kitu. Duka la dawa limefungwa hadi Jumatatu. Daktari yuko mbali, simu yake haipatikani. Siku mbili mama alilia, na alikuwa mwanamke aliyezaa watoto watano bila kupiga ukelele. Jumamosi mchana aliniomba nimfunike mto usoni. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Nilimwambia Rejean asubiri. Nikaenda chumba cha vifaa nikasimama kati ya masanduku ya glovu. Kisha nikarudi, nikamkabidhi dawa yake, nikamwonyesha pa kusaini. Hakuthubutu kunitazama, nami sikumtazama.

"Jumanne ijayo, saa tatu," nikasema.

Hayo tu.

Jumatano, 2 Oktoba

Nilimwomba Daktari ampeleke Rejean kwa muuguzi mwingine. Hakuuliza sababu. "Hakuna mwingine, Odile. Waliofunzwa ni sisi wawili." Nikasema basi wewe. Akasema atajaribu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Sikuandika kilicho kibaya zaidi. Nakiandika sasa.

Wizi ule nilimbebesha Colette Daigle. Alikuwa akija kila siku kumwogesha mama na kumlisha, na yeye tu, mbali na mimi, ndiye aliyelijua kabati lile. Nilimfukuza Jumatatu ile ile, mbele ya mlango, koti lake likiwa bado mkononi. Akaniambia, "Odile, nimemwosha mama yako miguu." Nikamwambia aondoke kabla sijaita polisi. Na sikuishia hapo. Nililisema kanisani, nikalisema dukani. Mwezi mmoja baadaye hakuna aliyemwita tena kutunza mgonjwa. Sasa anafanya kazi kiwandani, kwenye mkanda wa kuchagua viazi vibovu.

Mama alimuulizia hadi mwisho. "Colette haji leo?"

Jumapili, 6 Oktoba

Redio inasema jalidi nzito itaanguka wiki hii, ile baridi inayogandisha viazi ardhini. Kila mwenye mikono yuko shambani. Nilikwenda misa na sikukomunika.

Jumanne, 8 Oktoba

Saa tatu, hayupo. Saa nne, hayupo. Daktari yuko mjini kwenye mkutano hadi kesho. Utaratibu unasema mgonjwa asipofika, muuguzi ampigie siku hiyo hiyo.

Sikupiga. Nilijiambia ni mavuno, wanakimbizana na jalidi.

Jumatano, 9 Oktoba

Sikupiga.

Alhamisi, 10 Oktoba

Asubuhi Daktari alichungulia mlangoni. "Rejean alisemaje juzi?"

"Hakuja."

"Ulipompigia alisemaje?"

Daktari aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa.

"Leo naye alikosa siku moja," akasema. Alikuwa akimtaja Leo Ouellette. "Nikajiambia kakasirika, atarudi. Nilikuwa nimechoka naye, Odile. Nilifurahi kidogo kwamba hakuja."

Nilichukua koti.

Simu haikupokelewa. Dada yake, niliyemkuta juu ya mashine ya kuvunia akipiga kelele kuishinda injini, alinionyesha kwa kidole ghala la viazi, lile lililochimbiwa nusu kwenye kilima. "Kasema tumbo linamuuma! Mwambie lori halijiendeshi!"

Ndani kulikuwa giza na harufu ya udongo. Alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, kati ya rundo la viazi na mlango, anatetemeka mpaka visigino vinagonga sakafu. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa ngumi.

"Dawa imekwisha tangu lini?"

"Jumanne asubuhi niliweka cha mwisho."

"Mbona hukuja?"

"Ningekaaje mbele yako, Sista? Ungenishikaje mkono kunipima?"

Nikaketi naye kwenye udongo. Magoti yangu hayapendi tena mambo hayo.

"Mkononi una nini?"

Akafungua. Vidonge viwili vya buluu, vimeanza kulowa jasho. "Nimenunua asubuhi. Tangu asubuhi nimevishika. Najiambia, hesabu hadi mia, ukifika umeze. Nikifika naanza tena."

"Umehesabu mara ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

Nilikuwa nimekuja na hasira yangu yote ya miaka mitatu. Nilikuwa nayo garini, niliteremka nayo. Lakini nilimwona mama katika siku zile mbili, akiuliza saa ngapi, nikimjibu, akiuliza tena. Mtu anayeumwa hana umri, wala hana jina. Anahesabu tu.

"Nisikilize, Rejean. Ulichomfanyia mama yangu sijakisamehe. Huenda nitakisamehe, huenda nisikisamehe, hilo ni langu. Lakini mimi nilipaswa kukupigia Jumanne, na sikupiga makusudi. Ungekufa humu, ningekuwa nimekuua kwa kunyamaza."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo tuko sawa?"

"Hatuko sawa hata kidogo. Nipe hivyo vidonge."

Akanipa. Nikavitia mfukoni, nikampa mkono, tukavutana wima kama walevi wawili. Mlangoni dada yake alikuwa amezima injini na kuteremka. Aliuona uso wa ndugu yake, akavua glovu zake akamvisha. "Lori nitaendesha mimi," akasema.

Daktari alitungoja kwenye maegesho ya kliniki bila koti.

"Anaumwa vya kutosha?" akaniuliza.

"Kupita kiasi."

"Basi afadhali tuanze."

Nilikaa naye tena kila nusu saa. Nilimshika mkono kumpima.

Jumamosi, 12 Oktoba

Jalidi imeanguka alfajiri. Dada yake Rejean alikuwa ameshamaliza ekari ya mwisho.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, kliniki imefungwa. Nilikwenda kwa Colette. Nilibisha kabla sijapata nafasi ya kugeuka.

Alifungua nusu, unga mikononi hadi viwiko. Amekonda. Hakunikaribisha.

"Haukuwa wewe," nikasema. "Vidonge vya mama. Najua sasa haukuwa wewe. Nimekuja kukuomba radhi."

"Alikuwa nani?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimelijua kwa njia ambayo hairuhusiwi kusema. Nikisema nitapoteza kazi, na nitastahili kuipoteza."

Alicheka, kicheko kikavu. "Kwa hiyo yeye unamfichia. Mimi ulinitangaza dukani, Odile, mbele ya foleni ya nyama. Sikuwa na faili, eh?"

Nikamwambia nitakwenda dukani na kanisani, nitasema kwa sauti ile ile niliyosemea mwanzo.

"Sema. Ni haki yangu, si zawadi yako." Kisha akauliza, "Alikufa vizuri, mama yako?"

"Alikuulizia kila siku."

Colette alifumba macho. Akasema, "Nina mikate kwenye jiko," akafunga mlango, lakini aliufunga taratibu.

Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya misa nilimwomba padri dakika moja, nikasimama mbele, nikasema kwamba Colette hakuiba, kama nilivyosema dukani jana. Kina mama wawili hawakunitazama wakitoka. Mzee Thériault alinishika bega, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha.

Jumanne, 22 Oktoba

Rejean alikuwepo kanisani, sikumwona. Leo ananiambia, "Sikujua kwamba mtu alibeba ule mzigo, Sista. Naapa. Nilidhani nilimwibia mtu mmoja."

"Uliwaibia watatu. Na mmoja wao nilikusaidia kumwibia."

"Anakaa wapi?"

"Siwezi kukwambia."

"Kijiji chenye nyumba sitini?"

"Basi usiniulize."

Kipimo ni kile kile. Uzito kaongeza kilo tatu.

Jumatano, 23 Oktoba

Theluji ya kwanza, haikukaa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Wagonjwa wanne sasa. Mmoja ni mwanamke, alikuwa fundi wa helikopta. Daktari kaomba mizani mpya na paa jipya katika barua moja. Anasema wakikataa vyote viwili atawapelekea viazi.

Jumanne, 29 Oktoba

Saa mbili kasoro robo, kabla sijavua koti, Colette Daigle aliingia. Alikuwa amemshika mumewe kiunoni. Fernand alikuwa dereva wa vifaru kwenye vita vya Ghuba, mtu mrefu, mchekeshaji, na sikuwa nimemwona hadharani mwaka mzima. Watu walisema anaumwa mapafu. Alikuwa anapiga miayo, machozi yanamtoka, vinyweleo vimesimama shingoni.

Colette alimketisha, akaja mezani kwangu.

"Alikuja," akasema kwa sauti ya chini. "Alhamisi. Alisimama kwenye ngazi yangu dakika kumi, namwona dirishani, anashindwa kubisha. Nikafungua mwenyewe nikamwambia, ama uingie ama unipishe nifagie. Akaniambia yote. Nilimpiga kofi, Odile. Sikuwahi kumpiga mtu."

"Naye?"

"Akauliza kama nataka kumpiga jingine." Midomo yake ilicheza, nusu hasira nusu kitu kingine. "Nikampa chai. Fernand alikuwa chumbani, akasikia. Miaka mitano mume wangu ananificha chupa za vidonge kwenye kisanduku cha zana, nami najifanya sizioni, maana Colette mwizi wa vidonge akisema kwamba nyumbani kwake kuna vidonge, nani angemwamini? Wale wanaume wawili wakaongea hadi chai ikapoa. Rejean kamweleza kila kitu. Asimeze chochote tangu jana mchana, aje asubuhi, aje akiumwa." Akaninyooshea kitambulisho cha jeshi cha mumewe. "Basi, kaja akiumwa."

Nikasema, "Nitamwita Daktari."

"Ngoja." Alinishika mkono. Viganja vyake vilikuwa vigumu, vya kiwandani. "Sijakusamehe bado. Usije ukadhani. Lakini mama yako nilimtunza kama wangu, na wewe ulilijua hilo hata siku uliyonifukuza. Huyu ni wangu. Mtunze."

Nikavuta kiti karibu na Fernand, nikamshika mkono, nikaanza kuhesabu mapigo.